Kilwa na Lindi: Njia ya Watumwa Iliyopitiwa na Huruma

Mtu akikwambia anakwenda mapumziko pwani, moja kwa moja unawaza Zanzibar, Bagamoyo au Mombasa. Kusini wengi tunakuruka. Labda bado tunakumbuka enzi zile za vumbi, tope na kivuko cha Rufiji, ambapo abiria wa Lindi alibeba chakula cha njiani kama anayekwenda kuhiji. Lakini Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, lami nayo ikafuata, na siku hizi ukitoka Dar es Salaam alfajiri, mchana unaweza kuwa Kilwa Masoko unakula samaki. Kisingizio kimekwisha!

Mwezi huu tunakwenda huko, ila si kwa ajili ya kuogelea tu. Tunafuata jambo moja ambalo Wakatoliki hulitaja karibu kila siku, na ambalo sisi wote, wa dini yoyote, tunalihitaji ndani ya nyumba zetu: huruma. Si ile ya kusema "masikini, pole yake", halafu mtu anaendelea na sahani yake. Hapa tunazungumzia huruma ambayo mtu ameipokea kwa Mungu, akaona hawezi kuikalia peke yake, akampa na mwenzake. Hata yule aliyemuumiza. Hapo ndipo penye kazi.

SULTANI ALIYEVUA NGUO ZAKE

Kwanza tusichanganyane, maana Kilwa ziko tatu. Kilwa Masoko ndiyo makao makuu ya wilaya, na ndipo wageni wengi hulala. Kilwa Kivinje ni mji mkongwe wa wavuvi, upande wa kaskazini. Kilwa Kisiwani ndiyo mama yao wote, kisiwa unachokiona kwa macho ng'ambo ya maji ukisimama bandarini Masoko. Boti ya mashine inakufikisha kwa dakika chache tu. Jahazi la tanga linategemea upepo umeamkaje.

Kisiwani utakuta magofu ya mji uliokuwa tajiri kwa dhahabu iliyotoka Sofala, huko Msumbiji ya leo. Upo Msikiti Mkuu wenye kuba na nguzo za mawe ya matumbawe, na ipo Husuni Kubwa, ikulu aliyoijenga Sultani al-Hasan ibn Sulaiman karne ya 14. UNESCO waliuingiza mji huu pamoja na Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981.

Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika hapa mwaka 1331 na kumkuta Sultani huyo huyo. Anatuambia watu walimpa jina la sifa lenye maana ya baba wa utoaji. Siku moja, baada ya sala ya Ijumaa, fukara mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Si nyingine, zile zile za mwilini! Sultani hakukasirika. Aliingia ndani, akavaa nyingine, akamwita fukara yule akampa zile. Watu wakashangaa kwa unyenyekevu wa mfalme wao.

Hadithi tamu, sivyo? Lakini haikuishia hapo. Mtoto wa Sultani alizichukua nguo zile kwa yule fukara, na badala yake akampa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahi, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hebu tulia kidogo na hesabu hiyo. Mfalme anajivua nguo kwa ajili ya fukara mmoja, na papo hapo watu ishirini wanabadilishwa mikono kama mbuzi. Hakuna aliyeona tatizo, wala aliyeandika hakuandika majina yao. Simhukumu Sultani wa karne ya 14 kwa macho ya leo. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kuwa na huruma ya kweli kabisa kwa yule aliye mbele yake, na asiwaone ishirini waliosimama nyuma. Wewe na mimi tunatoa vizuri tu sadaka kanisani au msikitini. Je, dada wa kazi aliyebaki nyumbani kalipwa mshahara wa mwezi uliopita?

GEREZA

Ukishuka kwenye boti Kisiwani, ngome utakayoiona karibu na ufuko inaitwa Gereza. Tarehe 24 Julai 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuvamia mji huu. Mapadri Wafransisko walioandamana nao walishuka na msalaba, wakamshukuru Mungu kwa wimbo, na askari wakaanza kupora nyumba hadi nyumba. Wakajenga ngome, na mwaka 1512 wakaondoka zao. Jengo unaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani waliokuja baadaye, lakini chini yake na ndani yake kuna kazi ya Wareno.

Sasa sikiliza hili. Wataalamu wa lugha wanasema neno letu gereza limetokana na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Naam, kanisa! Wenyeji wa pwani waliona ngome ya wageni yenye kanisa ndani yake, wakaona na watu wanavyofungiwa humo, na neno likahama kutoka altare kwenda kwenye kufuli. Mkristo akilisikia hilo asinune. Ni kumbukumbu ambayo lugha yenyewe imetutunzia, kwamba dini inaweza kufika mahali ikiwa na msalaba mkononi na huruma ikaachwa melini.

Wakatoliki hufundishwa matendo saba ya huruma ya kimwili: kulisha wenye njaa, kunywesha wenye kiu, kuvika walio uchi, kupokea wageni, kutazama wagonjwa, kutembelea wafungwa na kuzika wafu. Hapo zamani lile la wafungwa lilitajwa kwa namna nyingine, yaani kuwakomboa mateka. Na kwa habari ya mateka, hakuna mahali pa kulifikiria zaidi ya kituo chetu kinachofuata.

KIVINJE, MLANGO WA KWENDA BAHARINI

Kilwa Kivinje leo ni mji mtulivu. Milango ya kuchonga, nyumba za Kijerumani zilizochakaa, samaki wanaanikwa, wazee wanacheza bao. Ukitembea jioni utasalimiwa na kila mtu, na usipoitikia utaonekana huna adabu.

Lakini katikati ya karne ya 19 hapa palikuwa moja ya milango mikubwa ya biashara ya watumwa katika Afrika Mashariki. Misafara ilitoka nchi ya Wayao na Ziwa Nyasa, watu wakitembea wiki nyingi hadi miguu kuvimba. Takwimu za forodha zilizowasilishwa Uingereza mwaka 1871 zinaonyesha kwamba kwa miaka mitano tu, kati ya 1862 na 1867, watu karibu 97,000 walisafirishwa kutoka Kilwa, wengi wao kwenda Unguja.

Na tusimtupie lawama mtu mmoja. Waliouza walikuwamo Waafrika, Waarabu na Waswahili. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya miwa ya visiwa vya Wafaransa. Hata Hassan bin Omari Makunganya, shujaa aliyepambana na Wajerumani na kunyongwa nao hapa Kivinje mwaka 1895, naye alikuwa mfanyabiashara wa misafara hiyo. Historia ya pwani yetu haina malaika.

BINTI ALIYEZIKWA HAI

Katika maelfu hao alikuwemo msichana wa Kiyao aliyeitwa Swema. Baba yake aliuawa na simba. Mama akakopa mtama, mavuno yakaharibika, deni likakaa. Mdai alipochoka kusubiri akamchukua mtoto na kumuuza kwa msafara uliokuwa unapita kwenda Kilwa. Swema alikuwa na miaka kama kumi.

Mama yake hakukubali kubaki. Aliufuata msafara, akaomba abebe mzigo ilimradi awe karibu na mwanawe. Njiani nguvu zikamwishia, na msafara ukamwacha hapo afe. Binti akaburutwa mbele.

Kutoka Kilwa Swema alipakiwa kwenye jahazi lililojaa watu hadi Unguja. Alifika hoi. Tajiri aliyempokea alipoona bidhaa imeharibika, akaamuru aviringishwe kwenye mkeka na kuzikwa. Kaburi lilikuwa fupi na binti alikuwa hai. Mtu mmoja alisikia sauti ya kuugua, akamfukua, akambeba hadi misheni ya Wakatoliki mjini Unguja.

Huko alipokelewa na masista wa shirika la Mabinti wa Maria kutoka kisiwa cha Réunion. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1849, muda mfupi baada ya utumwa kufutwa kisiwani kwao, na liliwapokea wanawake weupe na weusi pamoja. Kwa hiyo baadhi ya mikono iliyomwosha Swema vidonda ilitoka katika jamii zilizoujua utumwa kwa majina ya mama zao. Hawakuhitaji kuelezwa.

Swema akapona, akaanza kujifunza sala na kusaidia kuhudumia wagonjwa. Siku moja wakaletwa majeruhi. Alipomtazama mmoja wao usoni, akamtambua. Alikuwa yule kiongozi wa msafara, yule aliyemwacha mama yake afie porini.

Unaweza kufikiri moyo ulifanya nini. Simulizi linasema haikuwa rahisi hata kidogo, alitetemeka, alipigana na nafsi yake. Mwisho akachukua kitambaa, akamfunga vidonda, akamsamehe.

Simulizi la Swema liliandikwa na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, na likachapishwa Paris mwaka 1870. Lilikusudiwa kuwagusa wafadhili wa Ufaransa, kwa hiyo ni sauti ya binti iliyopita kwenye kalamu ya mapadri. Wanahistoria wanalisoma wakilikumbuka hilo. Hata hivyo, njia aliyopita, deni lililomuuza, jahazi na kaburi fupi ni mambo yanayolingana na tunayoyajua kuhusu biashara ile.

MASWALI YA KUUMA

Wapo watakaosema, "Huo ni uonevu mwingine! Mtoto aliyezikwa hai anaambiwa amhudumie muuaji wa mama yake?" Swali ni la haki, na usilipite haraka. Wengi wetu tumeshasikia neno samehe likitumika kama kofuli. Mke anapigwa, wakubwa wanakaa kikao, wanamwambia, "Samehe mwanangu, rudi kwa mumeo, ndoa ni kuvumilia." Kesho anapigwa tena.

Basi mwangalie Swema vizuri. Alipomsamehe yule mtu hakuwa tena mikononi mwake. Alikuwa salama, ana chakula, ana watu wanaomlinda. Aliyelala kitandani hana nguvu alikuwa yule bwana. Swema hakurudishwa kwenye msafara, wala hakuambiwa kwamba lililotokea halikuwa kitu. Kanisa lenyewe linafundisha kwamba kusamehe hakufuti haki. Anayeungama wizi anatakiwa kurudisha alichoiba. Ukimwambia mwenzio asamehe, kwanza mtoe kaburini. Mpe usalama, mfunge vidonda vyake yeye. Msamaha akiutoa baada ya hapo utakuwa wake.

Na kuna upande wa pili, wa anayeombwa na anayeomba. Februari 1992 Papa Yohane Paulo II alikwenda kisiwa cha Gorée, Senegal, akaomba msamaha kwa ajili ya dhambi ya biashara ya watumwa iliyofanywa na Wakristo. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani wakati wa Majimaji. Unaweza kusema maneno matupu. Lakini huruma nayo inahitaji mtu aliye tayari kusema: ni sisi.

LINDI HADI NYANGAO

Ukitoka Nangurukuru ukashika barabara ya kusini unaingia Lindi, mji wa mteremko unaotazama ghuba nzuri ajabu. Jimbo Katoliki la hapa lilianza mwaka 1963 likiitwa Nachingwea, na mwaka 1986 likachukua jina la Lindi. Polycarp Pengo, aliyekuja kuwa Kardinali, alianzia uaskofu huku. Tangu 2022 askofu wake ni Wolfgang Pisa, Mkapuchini, ambaye mwaka 2024 alichaguliwa kuwa Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Kanisa kuu lina jina la Mtakatifu Andrea Kaggwa, mmoja wa mashahidi wa Uganda waliouawa mwaka 1886. Naye, kwa taarifa yako, aliingia Buganda akiwa mtoto aliyetekwa vitani kutoka Bunyoro. Mateka mwingine!

Kutoka Lindi pinda kuelekea Masasi, pita Mtama, utafika Nyangao. Wamisionari Wabenediktini walifungua misheni hapa miaka ya 1890. Mwaka 1905 Vita vya Majimaji vikalipuka kutoka vilima vya Umatumbi, wilaya ya Kilwa. Askofu Cassian Spiss aliuawa tarehe 14 Agosti 1905 pamoja na mabruda wawili na masista wawili wakiwa safarini kuelekea bara. Nyangao nayo ikashambuliwa na kuchomwa, na Sista Walburga Diepolder akapoteza maisha. Kisha Wajerumani wakalipiza kwa kuchoma mashamba na maghala. Wapo wanahistoria wanaokadiria kwamba Waafrika waliokufa walifikia 300,000, wengi wao kwa njaa.

Kila upande ulikuwa na makaburi. Kila upande ulikuwa na sababu ya kutomtazama mwenzake tena.

Leo hapo Nyangao kuna Hospitali ya Mtakatifu Walburga. Ukanda huu Waislamu ni wengi, na hospitali ya misheni haimuulizi mama mjamzito anasali wapi kabla ya kumpokea. Kwa mtazamo wangu, hayo ndiyo mahubiri yenye nguvu kuliko yote katika barabara nzima ya kusini. Anayebeba mgonjwa usiku kwa bodaboda hana muda wa mjadala wa dini. Anatafuta mlango uliofunguliwa.

KUTOKA HUKO HADI SEBULENI KWAKO

Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Sista Faustina Kowalska wa Poland kuwa mtakatifu, na Jumapili inayofuata Pasaka ikawekwa kuwa ya Huruma ya Mungu. Ndiyo maana utawasikia Wakatoliki wakisali Rozari ya Huruma saa tisa alasiri. Kisha Papa Fransisko akatangaza Jubilei ya Huruma, kuanzia Desemba 2015 hadi Novemba 2016. Sala ni nzuri. Lakini Faustina mwenyewe alisisitiza njia tatu za kumtendea jirani huruma: tendo, neno na sala. Wengi tunaanza na ya tatu na kuishia hapo hapo.

Basi tujaribu hivi, wewe na mimi:

Deni. Swema aliuzwa kwa sababu ya mtama wa kukopa. Kama kuna mtu anakudai kidogo na ana shida, usimkwepe, mlipe. Kama wewe ndiye unayedai na unajua kabisa hana, kaa naye mpange upya. Kumwanika mdaiwa mbele ya watu hakujawahi kujaza gunia.

Mgonjwa. Kwenye jumuiya ndogo ndogo za Kikristo watu huchangishana kwenda kumwona mgonjwa. Vizuri. Ila mwulize na anayemuuguza amekula nini. Mara nyingi huyo ndiye aliyesahaulika.

Mfungwa. Familia ikipata aliyefungwa huwa inanyamaza kama vile amekufa. Nenda kamtazame. Beba sabuni na habari za nyumbani.

Mwenzi wako. Kama kosa limekiri na kuacha, usilifufue kila mkigombana kuhusu chumvi ya mboga. Na kama kosa linaendelea, kulitaja na kujilinda si kukosa huruma.

Adui. Huyu mpe muda. Hata Swema alitetemeka kwanza.

UKIPANGA KWENDA

Miezi ya Juni hadi Oktoba ni mikavu na hali ya hewa ni nzuri. Masika kuwa mwangalifu: Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya na mvua kubwa, barabara ilikatika eneo la Somanga na wasafiri wakakwama kwa siku kadhaa, kwa hiyo ulizia hali ya njia kabla hujapanda basi. Ukifika Masoko, chukua kibali cha kutembelea magofu na upate mwongozaji kabla ya kuvuka kwenda Kisiwani. Mwongozaji wa hapo hapo atakuonyesha visima, makaburi na kona ambazo peke yako ungezipita. Vaa kwa heshima, akina dada kanga mbili hazikosi kazi. Kama ni Ramadhani, usile hadharani mchana. Wazee waamkie kwanza ndipo uulize njia.

Ukirudi Kivinje jioni, tembea hadi ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Watoto watakuwa wanacheza mpira pale pale ambapo watu walisubiri majahazi. Kama unasali, sali kwa ajili ya mama yake Swema, ambaye hakuna anayejua alilala wapi. Safari njema!